Usimwitike Usiyemwona

Vijana wa kijiwe cha bodaboda hapa njia panda ya Makote wana mchezo wao na mimi. Nikipita asubuhi na jembe begani, mmoja hunyanyuka juu ya pikipiki na kupiga saluti, kiganja kimejikunja kama jani la mgomba lililoungua.

"Shikamoo, Afande!"

"Marahaba. Shusha mkono huo kabla haujavunjika."

Wanacheka, nami nacheka, kisha naenda zangu kwenye mikorosho. Lakini zikitangazwa nafasi za jeshi, mchezo unakwisha. Wale wale wanakuja nyumbani kwangu mmoja mmoja, kofia mkononi, wanakaa kwenye kigoda na kusema kwa sauti ya chini kama watu waliokuja kuposa: "Mama Mkubwa, wewe uliingiaje? Na kwa nini uliingia?"

Nimejibu mpaka ulimi umechoka. Safari hii naandika. Anayetaka asome, asiyetaka aendelee na saluti yake ya mgomba.

Naanza na buti, na msidhani ni uzee. Jeshi linaanzia miguuni. Ukipewa buti jipya, lilowanishe maji, livae likiwa bichi, ulitembelee mpaka likauke mguuni mwako. Halafu chukua sabuni ya mche, paka soksi kwa ndani, pale kwenye kisigino. Nimeona wanaume wenye vifua kama milango wakilia kwa malengelenge kwa sababu walikuwa wanaona haya kupaka soksi sabuni. Mimi niliyajua hayo kwa sababu Sajini Magesa, mkufunzi wetu, mtu wa kutoka kanda ya ziwa, aliniona nachechemea akanirushia kipande cha sabuni bila kunitazama. "Hicho si cha kuogea," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yake.

Sasa hilo la kwa nini.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu Somoe. Baba alitangulia, mama akafuata. Jina langu lilikuwa limetoka kwenda sekondari, lakini nilikuwa na wadogo watatu, na wa mwisho, Athumani, alikuwa bado ananyonya kidole. Sekondari nikaisikia kwa wenzangu. Nikalima, nikaokota korosho kwenye mashamba ya watu, nikabeba maji. Nilipofikia umri wa kujiandikisha, mjomba wetu, kaka yake mama, akaja akasema, "Hawa, nenda. Wadogo zako ni watoto wa dada yangu, watakaa kwangu." Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo hakuwa amenifanyia hisani, na bado namwombea kila siku.

Mkiniuliza, nawajibu niliingia kwa sababu ya njaa. Ni kweli. Ila asubuhi ya kwanza depo, kambini kwa kuruta, niliamka kabla ya filimbi, nikafagia uwanja mzima, nikaenda jikoni nikawasha moto, nikaanza kuwaamsha wenzangu hanga zima tulimolala, "Amkeni, amkeni, uji." Sajini Magesa akanikuta na mwiko.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, Afande."

"Basi rudi ukalale. Hapa kuna mtu analipwa kukuamsha wewe."

Nilirudi kitandani nikajifunika shuka gubigubi na kulia mpaka filimbi ikalia. Kumbe nilikuwa nimechoka kuwa mkubwa. Nilitaka mtu mwingine aniambie saa ya kuamka, saa ya kula, njia ya kupita. Hiyo nayo ni sababu, na sikuijua mpaka siku ile.

Sajini Magesa alikuwa na swali lake. Alipenda kuliuliza wakati uko chini unapiga pushapu, jasho linaingia machoni. "Nini kimekuleta hapa?" Ukisema, "Kulitumikia taifa, Afande!" anasema, "Hiyo ni ya kwenye gwaride. Endelea." Ukisema, "Shida, Afande!" anasema, "Wenye shida ni wengi na hawako hapa. Endelea." Sijapata kumsikia akimwambia mtu kwamba amejibu sawa.

Katika kundi letu tulikuwa watatu wa huku kusini, na ndiyo maana tulizoeana. Mimi wa Makote. Fidelis, mtoto wa mwalimu kutoka upande wa Chidya, alikuwa amemaliza kidato cha sita na kichwa chake kilijaa fizikia. Alikuwa anatueleza kwa nini risasi inapinda mpaka tunamwomba anyamaze ili tulenge. Baba yake alitaka awe mwalimu, babu yake alikuwa mwalimu, na Fidelis alisema amekuja jeshini kwa sababu ndiko pekee asikoulizwa kama yeye ni mtoto wa Mwalimu nani. Hakuwa na njaa hata kidogo. Alikuwa anakula polepole, kitu ambacho depo ni hatari.

Wa tatu ni Salum. Baba yake alikuwa mnunuzi mkubwa wa korosho Masasi mjini, mwenye malori na nyumba ya ghorofa chini ya majabali. Salum aliletwa depo na gari, dereva akashusha godoro nene jipya. Sajini Magesa alilizunguka lile godoro.

"Nalo limekuja kujiandikisha?"

"Hapana, Afande."

"Sawa. Liage."

Tulimcheka wiki nzima, tukimwita Bwana Godoro. Tulidhani ametupwa pale na baba yake kwa utundu, au ametorosha binti wa watu. Hakusema. Alifanya kila kazi kimya, na vyoo alisafisha vizuri kuliko sisi tuliozaliwa na mifagio.

Siku moja tulikuwa jikoni tunamenya mihogo, mimi na yeye. Akaniuliza bila kuinua uso, "Hawa, wewe si wa Makote?"

"Wa Makote hasa."

"Unamfahamu mwanamke anaitwa Fatu? Zamani alikuwa anabangua korosho Masasi, halafu akarudi kule juu kwenu."

Nilimfahamu. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayekupisha njiani hata kama yeye ndiye mwenye ndoo kichwani. "Alifariki, Salum. Kabla ya mama yangu. Kaburi lake liko kando ya njia ya maji, karibu na ukingo, chini ya mkorosho ulioinama. Kwani ni nani wako?"

Aliendelea kumenya. Alimenya ganda, akamenya nyama ya muhogo, mpaka ukabaki mzizi mwembamba wa katikati.

"Ni mama," alisema.

Nikaacha kisu. Akanieleza kwa vipande vipande. Baba yake alizaa na yule mama akiwa kibarua kwenye ua wake, akamchukua mtoto, mama akaambiwa asikanyage tena. Nyumbani jina lile halikutajwa. Alilisikia mara moja tu, jandoni, mzee aliyekuwa akiwatunza alipomwita, "Salum wa Fatu, simama." Alisema alisimama kabla hajaelewa kwamba ni yeye.

"Sasa ndiyo ukaja jeshini?"

"Baba alinipa kazi ghalani, akanipa chuo, akanitafutia na mchumba. Kila alichonipa kina jina lake. Hapa niliambiwa mtu anapewa namba."

Wenzangu, mnaona? Mimi niliacha nyumba isiyo na chakula, na yeye aliacha nyumba isiyo na jina la mama yake, tukakutana kwenye karai moja la mihogo. Ndiyo maana sipendi mtu anaposema jeshi ni la watoto wa maskini, au la wenye ndugu. Mkiona kuruta wamepanga mstari, wamenyolewa, huwezi kujua nani amekimbia nini.

Naomba nirudi nyuma kidogo, kwa mama yangu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyotokea.

Ninyi mmekuta mabomba, hata kama yanatoa hewa zaidi ya maji. Sisi huku juu tulikuwa tunateremka ukingoni, kwenye lile genge linaloanguka kuelekea bonde la Ruvuma, mpaka kwenye chemchemi, halafu tunapanda na ndoo. Na mnaujua ukungu wetu. Unatoka bondeni asubuhi kama moshi wa chungu, unapanda ukingo, unafunika njia, mpaka huoni kisigino cha aliye mbele yako. Mama alituwekea sheria, nayo aliipokea kwa mama yake. Ukiwa kwenye ukungu ukaitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Kaa chini ulipo. Wako wa kweli ataita mara ya pili, na atakutaja kwa mama yako. Asiyekutaja kwa mama yako, mwache aite.

Wote wa njia ile ya maji tuliitana hivyo. Hawa wa Somoe! Zaina wa Somoe! Na kulikuwa na asubuhi ambazo uliisikia sauti ikisema "Hawa" tu, laini, kutoka upande ambako hakuna kitu isipokuwa hewa na bonde. Tunakaa chini. Tunasubiri. Inaita tena, "Hawa," halafu inanyamaza kama mtu anayefikiri. Sikuwahi kumuuliza mama ni nani. Naye hakuwahi kusema.

Basi. Zoezi la mwisho la mafunzo yetu lililetwa huku kwetu Newala. Tulitembea kwa siku kadhaa, tukapiga kambi shambani, mwendo mfupi kutoka ukingoni. Niliona mapaa ya kijiji changu kwa mbali nikakaza macho mbele, maana mwanafunzi wa kijeshi haendi kusalimia. Nilijua pia kwamba nikiharibu siku zile za mwisho nitarudishwa nyumbani kwa mjomba nikiwa mzigo wa nne.

Asubuhi yake ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba mahema yalikuwa yanadondosha maji kama mvua. Sajini Magesa akatupanga, akaita majina kwa kichwa kama kawaida yake. Hakumwona hata mmoja wetu wa mstari wa nyuma. Akafika kwa Salum.

"Salum!"

"Ndiyo, Afande!"

Akaendelea mpaka mwisho. Ndipo Fidelis, aliyekuwa upande wangu wa kulia, akaninong'oneza, "Hawa. Salum hayupo hapa. Kati yangu na wewe ni pengo."

Niliunyoosha mkono. Nilishika ukungu.

Nikatoka mbele, nikapiga mguu chini, nikaripoti. Sajini akauliza aliyeitika ni nani. Mnajua kuruta huwa wanamwitikia mwenzao aliyechelewa, ni mchezo wa zamani kuliko bunduki. Sajini aliujua, kwa hiyo akasema, "Aliyeitika ajitokeze, simwadhibu." Hakutokea mtu. Fidelis akasema, na sauti yake haikuwa ya fizikia, "Afande, mimi nilikuwa karibu. Sauti ilitoka nyuma yetu." Nyuma yetu kulikuwa na shamba, na baada ya shamba, ukingo.

"Unajua alikokwenda?" Sajini aliniuliza.

"Najua, Afande. Kuna kaburi la mama yake njia ya maji."

Alinitazama kidogo. "Mtoto wa tajiri ana mama huku?"

"Ndiyo, Afande."

Alichukua kamba ndefu ya manila, akatufunga viunoni tukafuatana, mimi mbele kwa sababu njia ni yangu. Hili nalo lishikeni: kwenye ukungu usitembee kwa macho, tembea kwa nyayo. Njia iliyokanyagwa ni ngumu na imelowa, pembeni ni laini. Ukikanyaga laini, rudi. Siku hizi mna simu zenye ramani, mpwa wangu ananionyesha kadoti kanakosogea. Nimempeleka ukingoni asubuhi ya ukungu, kadoti kakasimama palepale huku sisi tunatembea.

Tulifika kwenye mkorosho ulioinama. Palikuwa pamefagiliwa. Majani makavu yalikuwa yamesukumwa upande mmoja kwa mkono, na kofia ya Salum ilikuwa imewekwa juu ya kaburi kwa adabu, kama mtu anavyoivua mlangoni. Salum hakuwepo. Njia ya kurudi ilikuwa inaanzia pale pale, lakini mtu asiyeijua angeweza kuelekea upande wa pili, na upande wa pili ni genge.

Wenzetu wakaanza kuita. "Salum! Salum!" Walikuwa wa Mwanza, wa Tanga, wa Dodoma, wana vifua vizuri. Sauti zao zilitoka, zikavuka ukingo, zikazama kwenye bonde, halafu zikarudi. Zilirudi tofauti. Zilirudi zimepungukiwa haraka. Ilikuwa kana kwamba huko kwenye hewa kuna watu wengine nao wanamtafuta, bila wasiwasi wowote.

Sajini akapuliza filimbi. Filimbi ikasikika kila upande. Hakuna jibu.

Nilijua hayuko mbali. Ukingoni palikuwa na jiwe lililong'oka, bado bichi upande wa chini. Kama amevunjika na anatoka damu, hatuna asubuhi nzima, na ukungu ule ukikaa unaweza kukaa mpaka adhuhuri. Kwa nini haitikii? Nikawaza amekufa. Halafu nikasikia jinsi tunavyoita, nikaelewa.

"Afande, hawezi kuitika. Anaitwa vibaya."

"Vibaya vipi? Kuna kuita kwa kanuni?"

"Kwetu ipo. Amefundishwa jandoni kama mama alivyonifundisha mimi. Anatusikia, lakini yeye hatuoni. Amekaa chini anatuacha tuite."

Mtu mwingine angenitukana. Sajini Magesa alifuta maji usoni. "Wote kimya," alisema. "Hawa, ita ya kwenu."

Nikaita. Nilikuwa sijaita hivyo tangu wadogo zangu wakiwa wadogo. "Salum wa Fatu! Salum wa Fatu, ni Hawa wa Somoe nakuita!"

Kisha, chini kidogo upande wa kushoto: "Naam!"

Na upande wa kulia, kwenye hewa: "Naam."

Mtu wa Tanga nyuma yangu akaanza kusoma dua. Fidelis akavuta pumzi. "Ni mwangwi," alisema. "Msiogope. Mwangwi hurudisha, hauongezi. Muulize swali, wa kweli atajibu jambo jipya." Ilikuwa akili nzuri sana, na mpaka leo namshukuru, kwa maana nilikuwa nimeshaanza kugeukia kulia. Sauti ya kulia ilikuwa safi zaidi.

"Salum wa Fatu, umeumia wapi?"

Kushoto: "Mguu! Umevunjika!"

Kulia palikuwa kimya. Fidelis akatabasamu. Ndipo kulia pakasema, taratibu, kwa sauti ya Salum, "Njooni huku. Njia ipo. Hapa pazuri."

Kamba ilikaza kiunoni mwangu, maana watu nyuma walikuwa wamerudi hatua. Sajini alikuja akasimama begani mwangu. Nilikaa chini, kama mama alivyotufundisha, nikaweka viganja kwenye udongo.

"Salum wa Fatu, tuje?"

"Msije!" Kushoto alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Msije, Hawa, hapa udongo unamomonyoka, mtaanguka wote! Teremsheni kamba tu!"

"Njooni," pakasema kulia.

Nikasimama. "Ni wa kushoto, Afande."

"Una hakika?"

"Mtu aliyevunjika mguu, anayetaka tumkimbilie kuliko kitu chochote duniani, anatukataza. Huyo ndiye Salum."

Tuliifungua kamba viunoni, tukalala kifudifudi tukaiteremsha upande wa kushoto. Tulihisi ikishikwa. Tulihisi uzito, uzito wa mtu, wenye kutetemeka. Fidelis alizungusha kamba kwenye shina la mkorosho ulioinama ili isitukate viganja, tukavuta, na Salum akatokea ukingoni, uso umejaa udongo, mguu umegeukia pasipo pake. Nawaambia mapema msije mkahangaika: alipona. Mguu ulibaki mfupi kidogo, akapangiwa stoo ya vifaa, akaitumikia mpaka kustaafu. Kwenye kitambulisho aliandikisha jina la kati alilolitaka mwenyewe.

Tulipokuwa tunamfunga vijiti mguuni, alisema, "Nilidhani hamtachoka. Mmeanza kuniita tangu alfajiri."

Sajini akaacha kufunga. "Tumeanza sasa hivi, baada ya gwaride."

Salum alitutazama mmoja mmoja.

"Na gwarideni uliitika wewe?" Sajini alimuuliza.

"Sijaitika popote, Afande. Mpaka Hawa alipotaja mama."

Sajini akakaza kitambaa. "Tengenezeni machela," alisema. "Haraka."

Vijana, miezi yote ya kwata mnafundishwa kwenda mguu mmoja: kushoto, kulia, wote pamoja kama mtu mmoja. Kwenye machela ni kinyume. Wabebaji wanne wakienda mguu mmoja, machela inabembea, mgonjwa anarushwa, mfupa unazidi kupasuka. Kila mmoja aende na mguu wake, avunje mwendo wa mwenzake, ndipo mgonjwa anakwenda laini kama kwenye maji. Ni kazi ngumu kuliko kwata. Akili yako yote inakuwa kwenye miguu na kwenye mti wa machela ulioushika. Mimi nilishika nyuma kushoto, upande wa ukingo, kwa sababu niliijua njia.

Tulikuwa tumepita mkorosho, tumeanza kupanda, nilipoitwa.

"Hawa."

Sikushtuka sana. Ni mwito wa kwanza tu huo, nimeujua tangu utotoni. Nikaendelea.

"Hawa wa Somoe."

Mara ya pili. Kwa jina la mama. Kutoka nyuma yangu, kwenye hewa. Na haikuwa sauti ya Salum tena. Ilikuwa ya mwanamke, yenye kukwaruza kidogo mwishoni kama ya mtu aliyepanda mlima na ndoo. Sitawaambia ilikuwa ya nani. Ninyi pia mna mama.

Sheria yote ilikuwa imetimia. Hakuna kitu ambacho mama alinifundisha kilichonikataza kuitika. Koo langu lilikuwa limeshafunguka. Kama ningekuwa mikono mitupu, wallahi ningegeuka, nisingeuliza njia ni ngumu au laini. Lakini Salum alikuwa mzito, na kiganja changu kilikuwa kimekwama kwenye mti, na kama ningeuachia angemwagika genge lile lile tulilomtoa. Nikamuwaza Athumani, kidole mdomoni. Nikauma meno.

Sajini Magesa alikuwa ameshika nyuma kulia, begani kwangu. Mtu wa kanda ya ziwa, asiye na ukungu wetu wala mambo yetu.

"Unaitwa," alisema polepole.

"Umesikia, Afande?"

"Nimesikia." Hakugeuza shingo. "Beba."

Nikabeba. Iliita tena, ikaita tena, kila mara ikiwa mbali kidogo, bila hasira. Salum alikuwa amenishika kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyeacha mguu wake akafuata wa mwenzake. Nilihesabu nyayo tu, ngumu, ngumu, laini, rudi, ngumu.

Ukungu ulipasuka ghafla kama unavyofanya, tukajikuta barabarani, jua limetupiga usoni. Mama mmoja wa kijijini, ndoo kichwani, kanga imelowa, alikuwa anakuja mbele yetu. Akatupisha, akajishika ndoo, akatazama machela.

"Poleni na kazi, wanangu," alisema.

Nilimwona uso wote, na kovu la shavuni, na miguu yake kwenye vumbi. "Tumeshapoa, mama!" Niliitika kwa sauti kubwa hivi kwamba alishtuka, maji yakamwagika begani, akacheka, na sisi sote tulioshika machela tukacheka naye mpaka Salum akatuomba kwa machozi tuache, tunamuumiza.